Naishi ndani ya kamio (lori), nashona blanketi la vipande. Nitalitandika wapi? (Uzi wa mafundi)

KamioYaKatuba (Lubumbashi)

Jambo yenu wote.

Najua humu wengi ni mafundi wenye kibanda, mashini na meza ya kukatia. Mimi ni shofere. Nina nyumba Katuba, lakini mwaka jana nililala humo siku 41. Hesabu hiyo ni ya mke wangu, mimi nisingethubutu kuifanya. Siku nyingine zote nalala kwenye kabini. Napakia shaba Kolwezi, nashuka Lubumbashi, Kasumbalesa, navuka Zambia hadi Nakonde, naingia Tunduma, natelemka Dar, kisha napandisha mzigo mwingine. Napika, nafua, naumwa na kupona humo humo.

Safari iliyopita foleni ya mpaka wa Kasumbalesa ilinila siku 4. Unasogea urefu wa trela moja, unazima, unangoja. Wenzangu wanacheza dama kwa vizibo vya chupa. Mimi nilianza kushona, na iliyonitia kwenye kazi hiyo ni baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku wa kwetu unauma, tuko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari na bati la kabini halina huruma. Blanketi nililokuwa nalo lilikuwa limebaki nyuzi.

Mama yangu alikuwa anaunganisha mabaki ya vikwembe (vitenge), nikakumbuka alivyokuwa anafanya, nikachanganya na nilichokiona kwenye simu. Naeleza ili mnisahihishe.

Fundi mmoja wa soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi) ananiwekea mabaki kwenye mfuko wa mchele. Nikiwa nyumbani nakata yote kwa siku moja, mezani, kwa mkasi mkubwa. Njiani sikati kitu. Nina karatasi ngumu za kalenda ya zamani, nimezichonga pembe sita, kila upande sentimita 5. Naweka karatasi katikati ya kitambaa, nakunja ukingo wa milimita 7 juu yake, nakipigia bandi (mshono wa muda) pembe hadi pembe. Vikiwa vingi navishonanisha ubavu kwa ubavu kwa mkono, mishono midogo midogo. Kipande kikishazungukwa pande zote sita, karatasi inatoka na kutumika tena. Kimoja kinanichukua kama robo saa. Vifaa vyote vinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga: sindano, uzi, mkasi mdogo, subana na vipande vya siku hiyo.

Nimefikisha 211. Blanketi la sentimita 150 kwa 200 linataka kama 460, na hilo halinitishi, foleni zipo. Kinachonitisha ni mwisho wake. Uso ukishakamilika inabidi uwekwe juu ya kijazio na kitambaa cha mgongo, vyote vitatu vinyooke vikiwa vimelala, vipigwe bandi kabla ya kushonwa pamoja. Kitanda changu kina upana wa sentimita 70. Chini ya trela kuna mafuta na vumbi jekundu. Nyumbani nikifika ni siku mbili, na hizo mbili zina wenyewe.

Swali la pili: kijazio mnatumia nini hapa kwetu?

---

NyotaKamalondo

Yaya, hii mambo iko muzuri sana! Lakini bashofere benzako habakucheki? Mi niliwaza ni bamama tu njo banafanyaka ile kazi.

---

KamioYaKatuba

Wananicheka mpaka saa mbili usiku. Ikifika saa tisa, baridi ikikaza, wanagonga mlango kuuliza bei.

---

ShofereMustaafu

Nyota, ingia soko la Kenya leo uhesabu mafundi walio kwenye mashini, wanaume wangapi, wanawake wangapi, halafu rudi hapa. Nguo ya harusi yako alikushonea nani?

Mimi nimeendesha barabara hiyo miaka mingi. Tuliokuwa tunangoja bila kazi ya mkono tuliishia kwenye lutuku (pombe kali ya kienyeji). Shona, mwanangu.

---

FundiUmeme_Ruashi

Kwa nini ujitese na mkono? Tafuta mashini ndogo ya umeme, weka inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), unashona huku redio inaimba. Mashini nyingi za nyumbani zinakula kama wati 100 tu.

Ila jambo moja, na hili nalisema kwa sababu nimeziona zimeungua mezani kwangu: kamio kubwa ina betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana, kwa hiyo ni volti 24. Inverta za gari dogo ni za volti 12. Ukiichomeka moja kwa moja kwa betri za kamio, moshi utaona kabla ya mshono. Nunua ya volti 24. Usijaribu pia kuchukua volti 12 kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili. Hiyo moja itachoka kabla ya mwenzake na zote zitaharibika.

---

KamioYaKatuba

Aksanti fundi. Mashini nilishajaribu, si ya umeme, ile ya kuzungusha kwa mkono, chuma kitupu. Niliifunga kwa kamba nyuma ya kiti. Kati ya Serenje na Mpika kuna sehemu barabara ilikuwa imechimbika, kamba ikalegea, mashini ikatua juu ya chupa ya chai na sufuria ya bukari (ugali). Sufuria hadi leo ina kiuno.

Na ukiwa kwenye foleni, mashini haikupi nafasi. Mwenzako wa mbele akisogea, unatakiwa usogee pale pale, la sivyo kuna mjanja atachomeka pua. Sindano ya mkono naichoma kwenye kola, nawasha, nasogea, nazima, naendelea na mshono ule ule.

---

MtangaHalisi

Salamu kutoka Tanga. Kwetu blanketi lenye kijazio ndani linaitwa mfarishi, neno la zamani, vijana siku hizi hawalijui. Nimefurahi kuona mtu wa Lubumbashi analishona bila kulijua jina.

Weka picha basi.

---

KamioYaKatuba

[picha imeambatanishwa]

Hizo ni 30 hivi zilizounganishwa. Bluu na njano ni kikwembe cha Lubumbashi, nyekundu yenye samaki ni chitenge cha Ndola, na ile nyeupe yenye mpaka mweusi ni kanga.

---

MtangaHalisi

Subiri kwanza. Nimekuza picha. UMEKATA JINA LA KANGA?

Bwana shofere, kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina ndiyo yale maneno yaliyoandikwa. Watu hununua kanga kwa ajili ya jina lake! Wewe umelikata katikati, kwenye kipande chako naona herufi nne tu: WIVU. Wivu umefanyaje? Wa nani? Maneno mengine yako wapi?

---

KamioYaKatuba

Sijui ndugu yangu. Niliikuta nyumbani kwenye mfuko wa matambara, nikaikata na vingine. Kwetu kikwembe kina jina pia, lakini jina liko mdomoni mwa bamama, halikuandikwa kwenye nguo.

---

NyotaKamalondo

Mi nasema: "Wivu hauna dawa."

---

ShofereMustaafu

"Wivu wako, usingizi wangu."

---

FundiWaVikwembe (Lubumbashi)

Acheni mchezo, mtu ameuliza swali la maana. Mimi nashona mapazia na mashuka, na blanketi za vipande nimeshona si chini ya kumi, kwa hiyo nisikilize.

Kosa lako ni kufikiri blanketi ni kitu kimoja kikubwa. Kwenye kabini, blanketi ni miraba 20. Tengeneza miraba ambayo ikishaungana ni sentimita 40 kwa 40 (ukate mikubwa kidogo, nafasi ya mshono), minne kwa upana, mitano kwa urefu. Utapata 160 kwa 200, kidogo zaidi ya ulichotaka. Kila mraba unauvalisha nguo zake tatu, uso, kijazio na mgongo, ukiwa umekaa na mraba uko mapajani. Unaupiga bandi, unaushona pamoja kwa mshono wa kupenya tabaka zote, umekwisha, unaukunja, unauweka chini ya kitanda. Mraba wa 40 unanyooka hata juu ya usukani. Siku ya kutandika kitu kikubwa haipo tena.

Sasa vipande vyako vya pembe sita. Usivimalizie uso mzima. Vishone saba saba: kimoja katikati, sita kukizunguka. Hilo ni ua. Kwa upande wa sentimita 5, ua lako litakuwa na upana wa kama 26, linakaa vizuri katikati ya mraba wa 40. Kunja kingo zake, libandike kwa mshono wa kujificha juu ya kitambaa cha rangi moja. Miraba 20 mara vipande 7 ni 140. Wewe unavyo 211. Yaani kazi ya vipande uliimaliza zamani, umebakiwa na 71 vya mto.

Kuunganisha ndiko wengi wanapoharibu. Kwenye kila mraba usishone mpaka ukingoni, acha sentimita 3 bila kushonwa pande zote nne. Halafu:

Chukua miraba miwili, uso kwa uso, shona nyuso peke yake, kijazio na mgongo uvibane nyuma kwa pini visiingie. Fungua. Kijazio cha huku na cha huku vikate vikutane bila kupandana. Vikipandana utakuwa na tuta katikati ya blanketi na utalilaani kila usiku. Kisha mgongo wa upande mmoja ulaze bapa, wa upande mwingine ukunje ukingo na kuulaza juu yake, ushone kwa mkono. Mwisho jazia mishono pale ulipoacha zile sentimita 3.

Unganisha kwanza safu za miraba minne. Safu moja ni sentimita 160 kwa 40, kama skafu kubwa, bado inaingia kabini. Safu tano kuziunganisha ndiyo kazi pekee ya nyumbani. Jioni mbili, na mke akiwa na moyo, moja.

Uzi tumia wa pamba au wa poliesta ulio imara, nyuzi za kushonea magunia hapana, zitakata kikwembe.

---

KamioYaKatuba

Mukubwa, nimesoma mara tatu. Vipande 71 vya ziada! Nilikuwa nimeshapanga foleni za mwaka mzima.

---

MamaWaKadutu (Bukavu)

Jambo baba. Kuhusu kijazio, Bukavu tunajua baridi, tuko juu kuwapita ninyi na mvua haituonei haya.

Usiweke sifongo. Watu wanakatakata sifongo ya godoro wakifikiri itakuwa laini. Ukifua mara moja inanywa maji kama ng'ombe na haikauki, ndani ya gari itaoza. Mabaki ya nguo yaliyokatwa vidogo nayo hapana, yatakimbilia pembe moja. Nunua blanketi la zamani kwenye mitumba, lile la poliesta lenye manyoya mafupi, jepesi. Hata likiwa na tundu haijalishi, linafichwa. Lioshe, likate miraba. Linakauka upesi na halisogei. Ukitaka jembamba zaidi tumia shuka kuukuu mara mbili au tatu. Wanawake wa Bengali wanatengeneza zao hivyo, wanazilaza sari za zamani moja juu ya nyingine na kuzishona kwa mshono wa mbele tu, wanaziita kantha, hakuna kijazio kingine.

Na kabla ya yote: JE, VIKWEMBE VYAKO VINATOA RANGI? Kata kipande kidogo cha kila kimoja, kiloweshe, kiweke juu ya kitambaa cheupe, kanda kwa kidole, ngoja kikauke hapo hapo. Cheupe kikipata rangi, hicho kikwembe kifue peke yake mpaka maji yawe safi, kikikataa kiache. Mambo ya chumvi na siki ni hadithi, kwa kikwembe cha kiwandani hayafungi rangi.

Ile nyekundu yako ya samaki mimi siiamini.

---

MuLushi_Kentucky

Nimecheka mpaka nimelia, juu ya ile sufuria yenye kiuno. Mimi ni mtoto wa Kampemba, Lubumbashi, sasa niko Marekani, jimbo la Kentucky. Huku hizi blanketi ni jambo kubwa. Mji wa Paducah una makumbusho yake kabisa, yamefunguliwa tangu 1991, zimetundikwa ukutani kama picha za wachoraji.

Na wewe si peke yako. Wako watu huku, wengi wastaafu, wameuza nyumba na wanaishi mwaka mzima kwenye magari-nyumba: kitanda, jiko, choo, vyote ndani. Jirani yangu mama mmoja alikuwa hivyo miaka sita na mumewe, na kazi yake ilikuwa kushona blanketi. Baridi ikija wanakimbilia jangwa la Arizona, Quartzsite, magari-nyumba yanajaa huko kama makamio Kasumbalesa, tofauti ni kwamba wao wamependa wenyewe. Kwenye kambi wanachomeka umeme wa amperi 30 au 50, mashini inaenda. Nje ya kambi, betri na paneli za jua.

Nilimuuliza shida yake kubwa ilikuwa nini, nikidhani atasema nafasi. Alisema uzito. Gari lina kikomo cha mzigo, na vitambaa ni vizito kuliko unavyofikiri. Mumewe aliweka sheria: kitambaa kikiingia, kingine kinatoka. Alikuwa anavihifadhi chini ya kitanda na ndani ya foronya, mito yote ya gari ilikuwa vitambaa.

Jambo lake moja nililipenda, nakupa: alitundika kipande cha flaneli (kitambaa laini chenye manyoya mafupi) mbele ya kabati. Vitambaa vya pamba ukivigandamiza kwenye flaneli vinashika vyenyewe bila pini. Unapanga maua yako, unarudi nyuma, unaangalia rangi, unabadilisha. Kwenye kabini una pazia la kitandani, sivyo? Shona flaneli juu yake.

---

FundiWaVikwembe

Hiyo ya flaneli hata mimi naichukua.

---

NyotaKamalondo

Na kupiga pasi? Kikwembe bila pasi hakikunjiki vizuri.

---

KamioYaKatuba

Ile ile sufuria ya bukari. Maji yakichemka kwenye mbabula (jiko la makaa), napangusa kitako cha sufuria, naipitisha juu ya kitambaa juu ya ubao. Upande wenye kiuno ndio unaingia vizuri kwenye mikunjo.

---

KamioYaKatuba (wiki tano baadaye)

Nimerudi, niko Nakonde, mtandao unapanda na kushuka, naandika upesi.

Miraba 14 imekwisha. Mama wa Kadutu, naomba unisamehe. Vikwembe vingine vyote nilivipima, vya samaki sikuvipima kwa sababu nilikuwa nimeshavishona na niliona uchungu kuvifumua. Mraba mmoja uliingiwa na chai, nikaufua pale Mpika. Samaki wameogelea mpaka kwenye mgongo mweupe. Una rangi ya waridi sasa, madoa madoa. Nimeutoa na kuufanya wa kukalia, na samaki wengine wote nimewafumua, maua matatu.

Flaneli inashika kweli, mpaka nikipita kwenye matuta. Kwenye mashimo ya kweli inaachia, asubuhi moja nilikuta ua zima kwenye buti langu.

Sindano zilipotea mbili. Moja aliipata msaidizi wangu, kwa njia ambayo hakuipenda. Tangu hapo natembea na sumaku ya spika mbovu, naipitisha kwenye viti kila jioni kabla mtu hajakaa. Anayeshona garini aanze na sumaku, kopo la maziwa lije baadaye.

Kuna mpaka mmoja, siutaji, afisa alifungua mfuko akakuta miraba imepangwa vizuri, akasema ni bidhaa, nilipie. Nikamwambia ni blanketi langu. Akasema blanketi halina vipande kumi na viwili. Nikakaa pale nikaanza kuunganisha miraba miwili mbele yake. Aliangalia kama dakika ishirini hivi, akauliza hicho kijazio kinatoka wapi, akanirudishia karatasi zangu.

Swali dogo kwa fundi: ukingo wa nje wa blanketi zima niufunge kwa kitambaa kilichokatwa hanamu (mshazari) au kilichonyooka?

---

FundiWaVikwembe

Kingo zako zimenyooka, kata kilichonyooka, upana sentimita 6, kikunje nusu kwa urefu. Hanamu ni ya kingo za mviringo, itakula kitambaa bure. Pembeni usivute, utapata blanketi lenye masikio.

---

MtangaHalisi

Samahani kurudia. WIVU umefanyaje?

---

KamioYaKatuba (siku nane baadaye)

Niko Katuba. Safu tatu zimeungana, zimelala mezani, na mke wangu amekaa upande wa pili wa meza na huu uzi mkononi, ameusoma wote tangu juu.

Mtanga, kanga huuzwa mbili mbili, wewe unajua, mimi sikujua. Nyingine ilikuwa kabatini. Ameitoa, ameitandika mezani juu ya kazi yangu, maneno yote yapo: WIVU WAKO HAUNIPUNGUZII KITU. Aliletewa na dada yake kutoka Kigoma. Haikuwa kwenye mfuko wa matambara, ilikuwa kwenye mfuko wa nguo za kufua.

Anasema hana wivu wowote. Anasema tu blanketi litabaki nyumbani, mimi nikatafute lingine la kabini, na ua lenye WIVU liwe upande wa kichwa, pale nitakapoliona zile siku 41. Vipande vya ziada bado ninavyo. Mfuko wa mchele nimeupeleka soko la Kenya leo asubuhi ukajazwe.